Kutoka Magadi hadi Klorini: Safu Moja ya Elementi Miteremkoni mwa Kilimanjaro

Anayepika kiburu, chakula cha ndizi na maharage, Uchagani anajua mambo mawili kuhusu magadi. La kwanza, kipande kidogo kikitiwa kwenye maharage, maharage yanalainika na kuiva upesi. La pili, magadi hayohayo yakichemkia kwenye sufuria ya alumini, ndani ya sufuria panafifia na kuingia weusi. Siku ya pili sufuria ileile ikipikiwa nyanya nyingi, au ikisuguliwa kwa ndimu, weusi unatoka na sufuria inang'aa tena. Chungu cha udongo kinapitia mapishi yote hayo na kubaki kama kilivyokuwa.

Magadi ni alkali. Ndimu ni asidi. Ukivikutanisha, kimoja kinaua nguvu ya mwenzake. Inakuwaje basi vyote viwili viweze kuula utando wa sufuria, kila kimoja kwa njia yake, na chungu kisidhurike?

Jibu limo kwenye safu ya tatu ya jedwali la elementi, ile ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili huikariri kwa wimbo na kuisahau baada ya mtihani. Nataka tuipitie safu hiyo polepole, kituo kwa kituo, kwa mifano ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Hoja yangu ni kwamba safu hii haihitaji kukaririwa. Ni mteremko mmoja unaoanza kwenye alkali kali na kuishia kwenye asidi kali, na sababu ya mteremko huo ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kuielewa sababu hiyo ataisoma sufuria, mfuko wa mbolea, jiwe la njiani na udongo wa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kwa jicho jingine.

Ngazi ya Mendeleev

Safu ya tatu ina elementi nane: sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini na agoni. Namba zao za atomu zinaanzia 11 na kuishia 18.

Mkemia Mrusi Dmitri Mendeleev alitangaza jedwali lake mwaka 1869. Alipolichapisha upya mwaka 1871, juu ya makundi aliandika fomula fupi: R2O, RO, R2O3, RO2, R2O5, RO3, R2O7. Herufi R ilisimama badala ya elementi yoyote ya kundi husika, na O ni oksijeni. Kigezo chake kimojawapo cha kupanga elementi kilikuwa swali hili: elementi hii ikichukua oksijeni hadi upeo wake, itachukua kiasi gani?

Tuzijaze fomula hizo kwa elementi za safu yetu. Tunapata Na2O ya sodiamu, MgO ya magnesiamu, Al2O3 ya alumini, SiO2 ya silikoni, P2O5 ya fosforasi, SO3 ya salfa na Cl2O7 ya klorini. Sasa tuhesabu oksijeni kwa kila atomu moja ya elementi. Sodiamu ina nusu, magnesiamu moja, alumini moja na nusu, silikoni mbili, fosforasi mbili na nusu, salfa tatu, klorini tatu na nusu. Kila ukisogea hatua moja kulia, oksijeni inaongezeka nusu, na hakuna hatua iliyorukwa.

Mendeleev aliiona ngazi hii bila kujua kilichoijenga, kwa sababu elektroni ilikuja kugunduliwa mwaka 1897. Leo tunajua. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja tu kwenye ganda la nje, magnesiamu ina mbili, na hesabu inaendelea hivyo hadi klorini yenye saba. Atomu moja ya oksijeni inahitaji elektroni mbili. Ndiyo maana inabidi atomu mbili za sodiamu zichangie ili kuitosheleza oksijeni moja, wakati magnesiamu moja inatosha peke yake.

Kamba na wavutaji

Idadi ya oksijeni ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna oksijeni hiyo inavyoshikwa, na hapa mfano wa kuvuta kamba unafaa. Kamba ni elektroni. Upande mmoja amesimama oksijeni, mvutaji hodari ambaye katika elementi zote ni florini tu inayomzidi. Upande wa pili inasimama elementi yetu.

Sodiamu ina protoni 11 kwenye kiini, klorini ina 17. Elektroni zinazoongezeka njiani zote zinaingia kwenye ganda lilelile la tatu, kwa hiyo haziwezi kukingana vizuri na mvuto wa kiini. Kiini kinazidi kuwa na nguvu na atomu inazidi kujikunyata: nusu kipenyo cha atomu ya klorini ni karibu nusu ya kile cha sodiamu. Kuing'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli, ya klorini kunahitaji 1,251. Kupanda huku hakukunyooka kabisa, kwani alumini na salfa kila moja inashuka kidogo chini ya jirani yake wa kushoto. Lakini mwelekeo wa jumla hauna shaka: ukienda kulia, mvutaji anakuwa na nguvu zaidi.

Sodiamu ikishindana na oksijeni inaachia kamba yote. Oksijeni inaondoka na elektroni na kuwa ayoni yenye chaji hasi. Ukiitia ayoni hiyo kwenye maji, inanyakua protoni kutoka kwa molekuli ya maji na kuacha hidroksaidi, ambayo ndiyo alkali yenyewe. Salfa haiachii kamba. Inashirikiana elektroni na oksijeni, lakini oksijeni inazivutia upande wake na kuiacha salfa na upungufu. Maji yakifika, oksijeni ya maji inajishikiza kwenye salfa hiyo yenye upungufu, na hidrojeni iliyokuwa imeshikwa na maji inalegea na kuachiliwa. Hidrojeni iliyoachiliwa namna hiyo ndiyo asidi.

Hiyo ndiyo sababu moja niliyoiahidi. Kushoto oksijeni inashinda kabisa na kuzaa alkali. Kulia inashinda nusunusu na kuzaa asidi. Katikati mambo ni ya mashaka, na huko ndiko iliko sufuria.

Sodiamu: oksaidi isiyoweza kukaa peke yake

Shuleni sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta, kwa sababu hewa na maji ni adui zake. Ukiichoma kwenye hewa nyingi unapata mchanganyiko wenye oksijeni kupita ile ya fomula ya Mendeleev, lakini Na2O ndiyo oksaidi ya msingi. Hutaiokota popote duniani. Ni alkali kali mno, na alkali kali haikai bila kutafuta asidi ya kuipoza. Asidi iliyo karibu kuliko zote ni ile inayotokana na kaboni dioksaidi ya hewani.

Zao la mkutano huo ndilo magadi: sodiamu, kaboni dioksaidi na maji, vimefungamana kuwa kipande kigumu cheupe au cha kijivu. Kaskazini mwa Tanzania kuna hazina kubwa ya magadi katika Ziwa Natron, na kusini mwa ziwa hilo umesimama Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotema lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa na joto la kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu.

Ndani ya magadi nguvu ya sodiamu imepozwa kwa sehemu tu. Ndiyo maana yakiyeyuka kwenye maji ya maharage bado yanatoa alkali ya kutosha kulegeza ganda na viunganishi vya punje. Tahadhari moja inastahili kutajwa: magadi ya ukanda huu mara nyingi huja na floraidi, na floraidi nyingi mwilini mwa mtoto huyapaka meno yake rangi ya kahawia. Kwa chakula cha watoto wadogo, magadi kidogo ni bora kuliko mengi.

Magnesiamu: alkali ya upole

Utepe wa magnesiamu ukichomwa maabara hutoa mwanga mweupe usiotazamika, kisha hubaki jivu jeupe. Jivu hilo ni MgO. Weka kwenye maji, chovya litimasi nyekundu, nayo itageuka buluu taratibu. Ni alkali bado, lakini imepungua ukali, kwa sababu ayoni ya magnesiamu ni ndogo na ina chaji mbili, hivyo inaishika oksijeni kwa nguvu na haiyeyuki kirahisi. Upole huo ndio unaowezesha hidroksaidi yake kunywewa kama dawa ya kiungulia, jambo ambalo mtu hawezi kulifanya na hidroksaidi ya sodiamu, ambayo inaunguza koo.

Mkoa wa Kilimanjaro una magnesiamu yake. Chambogo, wilayani Same, kuna mwamba wa magnesaiti, yaani magnesiamu iliyofungamana na kaboni dioksaidi. Ukiuchoma, gesi inaondoka na oksaidi inabaki. Oksaidi hiyo haiyeyuki kwa joto mpaka lipite nyuzi 2,800, ndiyo sababu hutumika kutengeneza matofali ya ndani ya tanuri.

Alumini: sufuria inaeleza tabia yake

Sasa turudi jikoni. Alumini tupu hukamatana na oksijeni mara tu inapoguswa na hewa, na juu yake hutanda ngozi nyembamba ya Al2O3 isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda sufuria isiliwe kama chuma kinavyoliwa na kutu.

Alumini imesimama mahali ambapo mvutaji wa kamba hajashindwa kabisa wala hajashinda. Oksijeni iliyomo kwenye oksaidi yake bado ina hamu ya protoni, kwa hiyo asidi ikija na protoni, oksaidi inazipokea na kuyeyuka kama alkali ingefanya. Ayoni ya alumini nayo ni ndogo, ina chaji tatu, na bado ina njaa ya elektroni. Alkali ikija na hidroksaidi, alumini inazipokea na kuyeyuka kama oksaidi ya asidi ingefanya. Hii ndiyo maana ya kusema oksaidi ya alumini ina tabia mbili.

Magadi yanaila ngozi hiyo na kuifikia alumini iliyo chini yake. Viputo vidogo vya hidrojeni hutoka, na sehemu iliyoliwa hutandwa na tabaka lenye giza. Ndimu na nyanya zinaliyeyusha tabaka hilo kwa njia ya asidi, na sufuria inang'aa. Mng'ao huo una maana kwamba chembe za alumini zimeingia kwenye mboga au kwenye maji ya kuoshea. Mama anayesema vyakula vya magadi vipikwe kwenye chungu ana kemia upande wake.

Silikoni: chungu, kioo na mlima

Oksaidi ya silikoni, SiO2, ndiyo mchanga safi. Haiyeyuki kwenye maji na haijali ndimu wala asidi nyingi za maabara. Kila silikoni imeshikana na oksijeni nne, na kila oksijeni inaunganisha silikoni mbili, mpaka kipande kizima kinakuwa wavu mmoja. Chungu cha udongo kilichochomwa kimejaa nyavu za silikoni na alumini za namna hii, na ndicho kinachokifanya kistahimili magadi na ndimu vilevile.

Hata hivyo, SiO2 ni asidi iliyolala, na joto ndilo linaloiamsha. Iyeyushe pamoja na soda na chokaa, itazipokea na kuzaa kioo. Na hapa ndipo safu yetu inapopanda mlimani.

Wanajiolojia wanapochambua mwamba huandika matokeo kwa majina ya oksaidi. Lava za fonolaiti zilizotapakaa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, zikipimwa, huonyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni SiO2, karibu humusi moja ni Al2O3, na Na2O ni takriban sehemu 8 kwa mia, kiwango kikubwa kwa mwamba wa volkano. Oksaidi hizo hazikai mbalimbali ndani ya jiwe. Zilipokuwa zimeyeyuka chini ya ardhi, oksaidi ya alkali ilikutana na oksaidi ya asidi, zikapozana, zikaganda kuwa madini. Wapandaji wanaopita kwenye lava za Kibo huyaona: fuwele nene zenye umbo la msambamba, zilizokaa kwenye jiwe jeusi kama njugu kwenye kashata. Hizo ni feldspa, na ndani yake sodiamu, alumini na silikoni, majirani wa safu moja, zimeshikana kwa oksijeni.

Sodiamu ya lava hizi ni nyingi kiasi kwamba silikoni yote imetumika kuipoza. Ndiyo maana hutakuta ndani yake punje za kwazi, ambayo ni SiO2 iliyobaki bila mwenza. Kwa lugha ya kemia, kitu kinachozaliwa pale oksaidi ya alkali inapopozwa na oksaidi ya asidi huitwa chumvi. Kwa maana hiyo, Kibo ni mlima wa chumvi.

Fosforasi: namba kwenye mfuko

Kuanzia fosforasi tunavuka kabisa upande wa asidi. P2O5 ni unga mweupe wenye uchu wa maji kiasi kwamba maabara huutumia kukaushia gesi. Ukikutana na maji hutoa joto jingi na asidi ya fosforasi.

Mkulima hawezi kuukuta unga huo dukani, lakini jina lake analinunua kila msimu. Mfuko wa mbolea ya DAP huandikwa 18-46-0. Namba 46 ni asilimia ya P2O5, ingawa ndani ya mfuko hakuna P2O5 hata punje. Kilichomo ni chumvi ya asidi ya fosforasi na amonia. Wakemia wa karne ya 19 walizoea kuhesabu kila kitu kwa oksaidi zake, kama Mendeleev na kama wanajiolojia, na biashara ya mbolea imeubakiza utaratibu huo hadi leo. Ili kupata fosforasi yenyewe, zidisha kwa 0.44. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una takriban kilo 10 za fosforasi, wala si kilo 23 kama namba 46 inavyoweza kumfanya mtu adhani.

Tanzania ina mwamba wake wa fosfeti huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Huko fosforasi imepozwa na kalsiamu, kwa hiyo inatoka polepole, na asidi iliyomo kwenye udongo ndiyo inayoifungua. Ndiyo maana mwamba huo uliosagwa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi kuliko kwenye udongo wa alkali.

Salfa, klorini na agoni

Kileleni mwa Kibo, ndani ya Kreta ya Reusch, bado panatoka mvuke wenye harufu ya salfa. Mlima umelala, haujafa. Salfa ikiungua hewani inafika SO2 tu, gesi inayokaba koo. Ili ifike SO3, upeo wake kwenye ngazi ya Mendeleev, inahitaji kusaidiwa na kichocheo kiwandani, au muda na unyevu angani, ambako hugeuka mvua ya asidi. SO3 na maji ni asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye betri ya gari.

Hatua ya mwisho yenye oksaidi ni klorini. Cl2O7 ni kimiminika kinachoweza kulipuka, na asidi inayozaa ni miongoni mwa asidi kali kuliko zote zijulikanazo. Sisi tunakutana na klorini kwa njia ya upole zaidi, kwenye maji ya bomba na kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Dawa hiyo hutengenezwa kwa kuipitisha klorini kwenye hidroksaidi ya sodiamu, kwa hiyo ncha mbili za safu zimekutanishwa ndani ya chupa moja. Alkali ndiyo inayoifunga klorini isitoke. Ukiichanganya na ndimu, siki au dawa ya chooni yenye asidi, kifungo kinakatika na gesi ya sumu inatoka. Kila mwenye nyumba alijue hilo na awafundishe wanaofua.

Agoni inaifunga safu kwa kukataa. Ganda lake la nje limejaa elektroni nane, haina cha kutoa wala cha kupokea, na haina oksaidi. Mendeleev hakuwa na nafasi yake kwenye jedwali, kwa sababu iligunduliwa mwaka 1894. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu.

Uvivu huo una faida kubwa kwetu. Ndani ya mawe ya volkano kuna potasiamu ya aina inayooza polepole mno, na sehemu yake hugeuka agoni. Lava ikiwa bado ya moto, agoni hutoroka kwa sababu haishikani na chochote. Jiwe likiganda, agoni inayozaliwa baadaye inafungiwa ndani, nayo inaongezeka mwaka hadi mwaka kama mchanga kwenye shisha. Kwa kuipima agoni hiyo, wanasayansi wamejua kwamba Shira, volkano jirani ya Kibo kwenye mlima huohuo, ilianza kutema lava takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, na Kibo takriban nusu milioni. Mwaka 1961 njia hiyohiyo ilitumika Olduvai, ikaonyesha kwamba fuvu ambalo Mary Leakey alilipata mwaka 1959 lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Elementi isiyoungana na chochote ndiyo iliyotutunzia umri wa mlima na umri wa watu wa kale.

Mvua inaipanga safu upya

Hadi hapa tumeipitia safu kwa mifano iliyotawanyika. Lakini mahali pamoja safu hii imejipanga yenyewe juu ya ardhi, nayo ni njia inayoshuka kutoka Kibosho au Machame hadi Kahe na Arusha Chini.

Miteremko ya kusini, kwenye ukanda wa msitu, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo inaliosha jiwe la volkano kwa maelfu ya miaka. Sodiamu na magnesiamu, ambazo ziko upande wa alkali na ayoni zake huyeyuka kirahisi, zinasafiri na maji. Alumini na silikoni, wakazi wa katikati wasioyeyuka, zinabaki. Ndiyo maana udongo wa juu una alumini nyingi na una mwelekeo wa asidi. Pale pH inaposhuka chini ya 5.5, tabia mbili za alumini zinaamka tena: inayeyushwa na asidi kama ilivyoyeyushwa na ndimu jikoni, na ikishayeyuka inaviza mizizi ya kahawa na mahindi. Alumini hiyohiyo inaikamata fosforasi ya mbolea na kuifungia, mmea usiipate. Mkulima anaweza kumwaga DAP mwaka baada ya mwaka na kuona matokeo haba, na amonia ya mbolea hiyo ikizidi kuutia udongo asidi.

Dawa yake inapatikana upande wa kushoto wa jedwali. Chokaa ya kilimo, ambayo ni kabonati ya kalsiamu, au dolomaiti yenye kalsiamu na magnesiamu, inapandisha pH, alumini inaganda tena, na fosforasi inapata nafuu. Samadi na matandazo ya migomba navyo vinasaidia kuifunga alumini.

Huku chini hali ni kinyume. Tambarare za Moshi hupata mvua kidogo, jua ni kali, na maji yaliyobeba sodiamu kutoka juu yanakauka na kuiacha. Udongo wenye sodiamu nyingi hupoteza mshikamano, chembe zake zinatawanyika, unaziba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Wakulima wa mashamba ya umwagiliaji ya huko wanaujua udongo huo mweupe juu, mgumu chini. Kuongeza chokaa hapo ni kuongeza alkali juu ya alkali. Kinachofaa ni jasi, ambayo inachimbwa Makanya, wilayani Same. Jasi ni salfeti ya kalsiamu: kalsiamu inachukua nafasi ya sodiamu kwenye chembe za udongo, salfeti iliyotokana na upande wa asidi inaondoka na sodiamu, na maji ya kutosha yanaisukuma nje ya shamba.

Kwa hiyo mashamba mawili ya mkoa mmoja, yanayotazamana mlimani na bondeni, yanahitaji dawa tofauti kabisa, na tofauti hiyo ni ya kushoto na kulia kwa safu moja ya jedwali. Anayetaka kujua lake liko upande gani apime pH kabla ya kununua chochote. Kipimo hicho ni nafuu kuliko mfuko mmoja wa mbolea uliopotea.

Kwa walimu, neno langu ni hili. Kabla ya kuichora safu ya tatu ubaoni, wekeni mezani kipande cha magadi, sufuria kuukuu, kigae cha chungu, mfuko mtupu wa DAP, chumvi na jiwe lenye fuwele lililookotwa mtoni. Chemsheni rosela, juisi yake nyekundu itageuka rangi kwenye maji ya magadi na kubaki nyekundu kwenye ndimu. Muulizeni mwanafunzi kila kimoja kinakaa wapi kwenye mteremko, na kwa nini. Akiweza kujibu hilo, majina manane hayatahitaji wimbo.